Barua ya wazi kwa AFC: robo fainali na nusu fainali zirudi nyumbani na ugenini

Kwa Rais wa Shirikisho la Soka la Asia (AFC), Sheikh Salman bin Ebrahim Al Khalifa,
na wajumbe wa Kamati ya Mashindano,
Kuala Lumpur, Malaysia.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa ya Asia, ile mliyoiongezea jina la Elite kuanzia msimu wa 2024/25. Ombi letu ni moja, na tunalitaja mapema lisije likazama katikati ya hesabu: robo fainali na nusu fainali zirudi kuchezwa nyumbani na ugenini, kama ilivyokuwa msimu wa 2023/24. Fainali tuko tayari kuijadili. Na ikiwa klabu 8 za mwisho zitaendelea kukusanywa katika mji mmoja, basi yapo marekebisho yasiyohitaji fedha, yanayohitaji kalamu tu, nayo tutayaeleza.

Wapenzi wa soka wanaozungumza Kiswahili wako Muscat na Doha, wako pia Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, na mashindano haya hawayatazami kwa mbali. Mwaka 2021 mfungaji bora wake alikuwa Mkenya, Michael Olunga wa Al-Duhail ya Qatar, kwa mabao 9. Tangu hapo wengi wetu tumezoea kuhesabu tofauti ya saa na kukaa macho.

Tuanze na Jeddah. Robo fainali za toleo la kwanza zilichezwa tarehe 25, 26 na 27 Aprili 2025, kila moja mechi moja tu, bila marudiano. Al-Hilal waliwafunga Gwangju ya Korea Kusini 7-0. Al-Ahli waliwafunga Buriram United ya Thailand 3-0. Al-Nassr waliwafunga Yokohama F. Marinos ya Japani 4-1. Ukijumlisha, klabu 3 za Saudi Arabia zilifunga mabao 14 na kufungwa 1, zote zikiwa katika ardhi ya nchi yao. Klabu pekee ya kanda ya Mashariki iliyovuka, Kawasaki Frontale ya Japani, ilivuka kwa kuwafunga Al-Sadd ya Qatar 3-2 baada ya muda wa nyongeza, yaani ilikutana na mgeni mwenzake. Bingwa alikuwa Al-Ahli, klabu ya Jeddah, akicheza fainali tarehe 3 Mei katika King Abdullah Sports City, uwanja anaoutumia kama wake wa nyumbani, na akawafunga Kawasaki 2-0.

Al-Ahli walistahili. Hawakupoteza mechi hata moja tangu Septemba, na katika nusu fainali waliwafunga Al-Hilal 3-1, kazi ambayo hakuna aliyewazawadia. Tunaloliuliza linahusu utaratibu: katika hatua ambayo mechi moja inamtoa mtu, kwa nini upande mmoja uwe na uwanja, mashabiki, hali ya hewa na saa za mwili, na mwingine usiwe na hata kimoja?

Mtu atasema pengo la mabao 14 kwa 1 linatokana na fedha, na kwamba hata marudiano yasingeliziba. Kwa sehemu ni kweli. Lakini rudini nyuma wiki 6 tu, kwenye 16 bora, iliyochezwa kwa mikondo miwili, yaani nyumbani na ugenini. Pakhtakor waliwafunga Al-Hilal 1-0 mjini Tashkent. Esteghlal waliwazuia Al-Nassr 0-0 mjini Tehran. Shanghai Shenhua waliwafunga Kawasaki 1-0. Wote watatu waliaga mashindano kwenye marudiano, na kwa mabao mengi: Al-Hilal walishinda 4-0 Riyadh, Al-Nassr 3-0, Kawasaki 4-0. Mwenye nguvu alipita, ila alipita baada ya kupewa mtihani halisi mbele ya watu wa mji ule. Na Gwangju wale wale waliobebeshwa mabao 7 Jeddah walikuwa wamefungwa 2-0 na Vissel Kobe nchini Japani, kisha wakarudi kwao wakashinda 3-0 katika dakika 120 na kufuzu. Usiku ule usingekuwapo kabisa kama 16 bora nayo ingekuwa mechi moja katika mji wa mbali.

Sasa tuingie kwenye ratiba, maana hapo ndipo kosa lilipo wazi zaidi, na ndipo linaporekebishika kwa urahisi.

Robo fainali ziligawanywa katika siku 3 badala ya 2. Al-Hilal walicheza tarehe 25, Al-Ahli na Al-Nassr tarehe 26, Kawasaki tarehe 27. Nusu fainali ya kwanza, tarehe 29, iliwakutanisha Al-Hilal na Al-Ahli: mmoja alitoka kwenye mechi ya siku 4 zilizopita, mwenzake siku 3. Nusu fainali ya pili, tarehe 30, iliwakutanisha Al-Nassr na Kawasaki: tena siku 4 dhidi ya siku 3, na Kawasaki walikuwa wametoka kwenye dakika 120. Kisha fainali ya tarehe 3 Mei: Al-Ahli siku 4, Kawasaki siku 3. Kwa hiyo mechi zote 3 za mwisho zilikuwa na upande uliopungukiwa siku moja. Katika nusu fainali zote mbili yule aliyepumzika kidogo ndiye aliyeshinda, na Kawasaki waliwatoa Al-Nassr 3-2, jambo la kuwavulia kofia. Lakini mjenzi haachi nguzo pungufu kwa kuwa nyumba haikuanguka mwaka wa kwanza. Kawasaki walifika fainali wakiwa na dakika 210 miguuni ndani ya siku 4, wenzao wakiwa na dakika 180. Bao la pili la fainali lilikuwa limeshaingia kabla ya mapumziko, na baada ya hapo Kawasaki hawakupata mlango wa kurudi.

Dawa yake ni hii. Viwanja vilikuwa 2, King Abdullah Sports City na Prince Abdullah Al-Faisal. Chezeni robo fainali 2 siku ya kwanza na 2 siku ya pili, moja katika kila uwanja. Washindi wa siku ya kwanza wakutane wao kwa wao siku ya 5. Washindi wa siku ya pili wakutane siku ya 6. Fainali iwe siku ya 10. Hapo kila nusu fainali ina timu zenye mapumziko sawasawa, na anayetoka nusu fainali ya pili anapata siku 4 kamili kabla ya fainali. Kinachoongezeka ni siku moja tu ya hoteli juu ya zile 9 za Jeddah. Droo nayo iandikwe hivyo tangu mwanzo, kwamba njia ya nusu fainali inafuata siku ya robo fainali, ili kituo cha televisheni kisije kuomba mechi yenye jina kubwa ihamishiwe siku nyingine.

Jambo la pili ni saa za mwili, ambalo watu wa utawala hulipuuza na madaktari wa timu hawalipuuzi. Japani na Korea Kusini ziko mbele ya Jeddah kwa saa 6, Thailand kwa saa 4, Qatar haina tofauti yoyote. Mechi ikianza saa 1:30 usiku Jeddah, kwa mchezaji aliyetoka Kawasaki au Gwangju mwili unahesabu saa 7:30 usiku, kwa wa Buriram saa 5:30 usiku, na kwa wa Doha ni saa 1:30 ile ile. Muda wa nyongeza ukiingia, Mjapani yule anamaliza mechi mwili ukikaribia saa 10 za alfajiri. Kanuni wanayoitumia madaktari wa michezo ni takriban siku 1 ya kuzoea kwa kila saa 1 ya tofauti. Kwenda magharibi mwili huzoea haraka kidogo kuliko kwenda mashariki, lakini siku 2 au 3 hazitoshi. Maana yake timu ya Mashariki ya mbali ingefaa kutua siku 5 au 6 kabla ya mechi, na ligi ya kwao haiiruhusu iondoke mapema hivyo bila kuahirisha mechi.

Kuna na hewa yenyewe. Mwisho wa Aprili, jioni za Jeddah bado ziko karibu na nyuzi 30, na unyevu wa Bahari ya Shamu unazuia jasho kukauka. Mtu wa Mombasa au Tanga haelezwi zaidi ya hapo. Mchezaji aliyetoka kwenye baridi ya masika ya Japani huanza kubanwa misuli ya nyuma ya paja na ya shavu la mguu kuanzia dakika ya 70 hivi, kocha akalazimika kumaliza nafasi za kubadilisha wachezaji kwa kuokoa miili badala ya kubadili mbinu. Kama mashindano yatabaki huko, mapumziko ya kunywa maji yawe ya lazima katika kila kipindi, yasiachiwe mwamuzi kuamua, na timu zinazotoka penye tofauti ya saa 4 au zaidi zipewe haki ya kuingia mji mwenyeji siku 6 kabla, gharama za siku za ziada zikiwa juu ya mwandalizi.

Lakini haya ni marekebisho ya kitu ambacho tungependa kisingekuwapo. Ombi letu lenyewe ni nyumbani na ugenini, na hatuombi jambo geni. Msimu wa 2023/24 mliutekeleza bila tatizo: robo fainali tarehe 4 hadi 13 Machi, nusu fainali katikati na mwisho wa Aprili, fainali tarehe 11 na 25 Mei 2024. Al Ain ya Falme za Kiarabu waliwatoa Al-Nassr kwa penalti baada ya jumla ya 4-4, wakawatoa Al-Hilal kwa jumla ya 5-4, wakafungwa 2-1 Yokohama katika mkondo wa kwanza wa fainali, kisha wakashinda 5-1 nyumbani kwao na kutwaa kombe. Mwaka mmoja kabla, Urawa Red Diamonds walitoka sare 1-1 Riyadh na kuwafunga Al-Hilal 1-0 Saitama mbele ya watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2018 Kashima Antlers walikwenda uwanja wa Azadi, Tehran, wakiwa na mabao 2 mkononi, wakavumilia 0-0 mbele ya umati uliokaribia laki moja. Hayo ndiyo yaliyoyapa mashindano ya Asia sura yake, na hakuna hata moja linalowezekana katika mji mmoja uliochaguliwa kabla.

Mlifanya pia jambo jema ambalo linastahili kutajwa: kufuta kanuni ya bao la ugenini, ile iliyompitisha mwenye mabao mengi ya ugenini jumla zikilingana. Katika nusu fainali ya 2024 Ulsan ya Korea Kusini walishinda 1-0 kwao, wakafungwa 3-2 Yokohama. Kwa kanuni ya zamani Ulsan wangepita dakika ya 90 kwa mabao yao 2 ya ugenini. Kwa kanuni mpya mechi iliendelea na Marinos wakapita kwa penalti. Waulizeni mashabiki wa Yanga maana ya kanuni hiyo: fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 walifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria. Ninyi mlikuwa mmekwisha kusafisha mikondo miwili ikawa ya haki kuliko ilivyowahi kuwa. Mwaka uliofuata mkaiondoa mikondo hiyo kwenye robo na nusu fainali.

Afrika inawapa somo jingine. Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) nao walijaribu fainali ya mechi moja katika mji uliopangwa. Mei 2022 fainali ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa Casablanca, na aliyefika fainali alikuwa Wydad wa Casablanca hiyo hiyo. Wakawafunga Al Ahly wa Cairo 2-0, na malalamiko ya Wamisri kuhusu uwanja yakafunika ushindi ambao Wydad waliutolea jasho. Msimu uliofuata CAF wakarudisha mikondo miwili. Timu zilikuwa zile zile: Al Ahly 2-1 Cairo, sare 1-1 Casablanca, na safari hii bingwa alipatikana bila mtu kuhoji uwanja. Kilichotokea Jeddah Mei 2025 ndicho kilichokuwa kimetokea Casablanca miaka 3 nyuma, na CAF walikuwa wameshaonyesha njia ya kutokea.

Tunajua jibu mnalolitoa kwanza: umbali. Kutoka Tokyo hadi Jeddah ni zaidi ya kilomita 9,000, na hamtaki klabu ivuke bara zima kati ya mechi mbili za ligi, halafu irudie tena baada ya wiki. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana hatupendekezi Mashariki ikutane na Magharibi kwenye robo fainali. Kuanzia 2014 hadi 2023/24 kanda mbili zilitenganishwa mpaka fainali, na huo ndio mpangilio unaofaa. Baada ya 16 bora zinabaki klabu 4 kila upande. Zichezeni hizo 4 ndani ya kanda, nyumbani na ugenini, kisha washindi wawili wa kanda wakutane fainali. Riyadh hadi Doha ni chini ya saa 2 angani. Mashariki ni pana zaidi, Tokyo hadi Johor ni mwendo wa takriban saa 7 hewani, lakini tofauti ya saa ni 1 tu, na hilo ndilo linaloamua kama mchezaji atalala. Safari ya kuvuka bara inabaki moja katika msimu, ile ya fainali. Mtapoteza mechi za Mashariki na Magharibi mwezi Aprili ambazo vituo vya televisheni vinazipenda. Mtapata uhakika kwamba kila mwaka kila kanda ina mtu wake fainali, na viwanja 8 badala ya 2 vitakuwa na watu wenye timu yao.

Mashindano yenu ya daraja la pili, ACL Two, yanafanya hivyo hivyo. Msimu wa 2024/25 klabu zenye mifuko myepesi kuliko hizi zilicheza 16 bora, robo na nusu fainali kwa mikondo miwili ndani ya kanda. Lion City Sailors wa Singapore waliwatoa Sydney FC kwa 2-0 na 0-1. Sharjah waliwatoa Al-Taawoun kwa 0-1 na 2-0. Fainali ikawa mechi moja, Singapore, nyumbani kwa Sailors, na Sharjah wakashinda 2-1 ugenini. Ikiwa Sailors wanaweza kumudu tiketi za ndege, Al-Hilal na Kawasaki hawashindwi.

Kuhusu tarehe, hesabu inakubali. Hatua ya ligi ya 2024/25 iliisha tarehe 19 Februari na 16 bora ikachukua wiki 2 za mwanzo wa Machi. Hilo libaki. Baada ya mapumziko ya timu za taifa ya Machi, chukueni Jumanne na Jumatano za wiki 2 katikati ya Aprili kwa robo fainali, kisha mwisho wa Aprili na wiki ya kwanza ya Mei kwa nusu fainali, na fainali katikati ya Mei. Ni wiki 4 za katikati ya juma, na hakuna mwisho wa juma hata mmoja unaochukuliwa kabla ya fainali. Linganisheni na Jeddah: aliyefika fainali aliondolewa kwenye ligi ya kwake kwa wikiendi 2 mfululizo, na ukiongeza siku za kusafiri na kuzoea, karibu nusu mwezi. Wanaosafiri mbali zaidi wapewe Jumanne, wa karibu Jumatano, na ligi za ndani ziandikiwe Agosti kwamba klabu hizo zicheze Ijumaa au Jumamosi kabla ya mechi za Jumanne. Kanuni hii ikiandikwa Machi imechelewa, kwa sababu ligi zimeshauza ratiba.

Nafasi katika hatua ya ligi nayo ipewe thamani. Kwa mpangilio wa msimu wa 2024/25 wa kwanza alikutana na wa 8 kwenye 16 bora na kumalizia nyumbani, kisha hapo thamani ikaisha. Yokohama F. Marinos waliongoza Mashariki nzima, na zawadi yao ilikuwa Al-Nassr nchini Saudi Arabia. Tunaomba aliyemaliza juu acheze marudiano nyumbani katika kila raundi, bila droo mpya. Kwa kuwa bao la ugenini halipo, muda wa nyongeza na penalti nyumbani ni faida halisi, na timu iliyotafuta pointi kwa mechi 8 iwe imeichuma.

Hapo hapo linaingia suala la Shandong Taishan. Februari 2025, siku ya mechi yao ya 8 dhidi ya Ulsan, walijitoa kwa kueleza afya ya wachezaji. Matokeo yao yote yakafutwa, ingawa walikuwa wamecheza mechi 7 kati ya 8. Waliowafunga wakapokonywa pointi, waliofungwa nao wakafutiwa kipigo. Vissel Kobe walikuwa wamewafunga. Gwangju walikuwa wamefungwa 3-1. Msimamo ulipoandikwa upya, Gwangju wakawa wa 4 na Kobe wa 5, wakapangwa pamoja, na marudiano yakawa Gwangju. Mmeshasoma hapo juu jinsi marudiano yale yalivyoisha. Gwangju hawana lawama yoyote. Kanuni ndiyo yenye kasoro: inaadhibu mtu wa tatu. Iandikwe hivi: klabu ikijitoa baada ya kucheza angalau nusu ya mechi zake, matokeo yaliyokwisha kupatikana yanabaki, zilizobaki wapinzani wanapewa ushindi wa 3-0, na aliyejitoa anapangwa wa mwisho hata awe na pointi ngapi. Ikiwa hajafika nusu, futeni yote. Kifungu cha mistari 4.

Juu ya wachezaji wa kigeni tutasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wameshasema. Kikomo kilikuwa 3 na 1 wa Asia, kikawa 5 na 1 msimu wa 2023/24, kisha mkakiondoa kabisa. Ligi ya Saudi Arabia yenyewe ina kikomo. Ndiyo maana Roberto Firmino, aliyeondolewa kwenye orodha ya ligi ya ndani mwanzoni mwa 2025 baada ya Galeno kusajiliwa, alibaki kucheza Asia na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Hakuvunja kanuni. Lakini mashindano ya bara yakiwa na mlango mpana kuliko ligi inayotumia fedha nyingi kuliko zote barani, waliosimama nje ni Wajapani, ambao kwao wageni 5 tu ndio wanaoruhusiwa kwenye orodha ya siku ya mechi na ambao vikosi vyao vimejengwa juu ya kikomo hicho. Tunaomba kanuni moja rahisi: idadi ya wageni ambayo klabu inaweza kuwaandikisha kwenye mashindano ya AFC isizidi ile inayoruhusiwa na ligi yake. Hailazimishi nchi yoyote kubadilika. Inafunga tu pengo kati ya orodha mbili.

Na umiliki. Juni 2023 Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia ulichukua asilimia 75 ya Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli. Aprili 2025 klabu 3 kati ya 4 za nusu fainali zilikuwa na mwenye hisa huyo mmoja, na mbili zikatoana. Hatudai kulikuwa na hila. Mechi ile ilichezwa kwa nguvu zote na kila mtu aliiona. Tunaomba tu kila mwaka kabla ya 16 bora mchapishe hadharani jinsi mlivyopima suala hili: nani anateua wajumbe wa bodi, nani anaidhinisha usajili, nani ana kauli ya mwisho. Likiwa safi, karatasi moja inatosha kulinyamazisha.

Fedha zenyewe zinapaswa kuangaliwa kwa jicho hilo hilo. Bingwa alipangiwa dola milioni 10, mshindi wa pili milioni 4, lakini aliyefika nusu fainali 600,000 na wa robo fainali 400,000. Klabu iliyotoka robo fainali ilipoteza na kiingilio cha usiku mkubwa kuliko wote katika historia yake, kwa sababu usiku huo haukuchezwa kwake. Buriram wangeuza kila kiti. Shabiki wao aliyetaka kuwaona alihitaji visa, tiketi ya ndege na hoteli kwa mechi aliyojulishwa mpinzani wake kwenye droo ya tarehe 17 Machi, siku 40 kabla. Mkibaki na mji mmoja, basi wekeni asilimia 10 ya viti kwa kila timu mgeni, bei ya chini ijulikane, tiketi ya mechi iwe kibali cha kuombea visa, na mji mwenyeji ubadilike kila mwaka kati ya Magharibi na Mashariki, kama zamani mikondo ya fainali ilivyokuwa ikipokezana nani amalizie kwake.

Mambo mawili tunaomba yajibiwe kabla ya droo ya hatua ya ligi, inayofanyika Agosti, kwa sababu baada ya hapo mikataba ya viwanja na matangazo huwa imeshafunga kila mlango. La kwanza, je, Kamati ya Mashindano iko tayari kupeleka pendekezo la mikondo miwili ndani ya kanda kwenye kikao cha Kamati ya Utendaji? La pili, ikiwa jibu ni hapana, je, mpangilio wa siku za mapumziko tulioueleza, ule wa siku ya 1, 2, 5, 6 na 10, utaandikwa kwenye kanuni za msimu unaofuata?

Kwa heshima,

Wafuatiliaji wa soka la Asia wanaozungumza Kiswahili